Hana hamasa ya shule, au amepiga hesabu? Somo kutoka Nyarugusu

"Mtoto huyu hana hamasa." Sentensi hii umeshaisikia, na pengine umeshaisema mwenyewe. Inasemwa kwenye ofisi za walimu, kwenye vikao vya wazazi, hata kwenye mabanda ya chai. Katika mji wa wachimbaji kama Nyarugusu, mkoani Geita, inasemwa mara nyingi zaidi, kwa sababu huko mtoro haendi mbali. Saa nne asubuhi wenzake wakiwa darasani, yeye yuko mwaloni na karai lake anaosha mchanga, au yuko jirani na karasha anaponda mawe.

Leo tuichukue sentensi hiyo tuichambue kisayansi. Hamasa ni kitu gani hasa? Inatoka wapi, na ikiisha inakwenda wapi? Na kubwa kuliko yote: mwanafunzi wa kidato cha pili anayeweka daftari chini na kushika sululu, je, amepungukiwa na kitu kichwani, au amepiga hesabu ambayo sisi watu wazima hatujakaa chini tukaipiga?

Jibu letu tulitoe mapema ili usisubiri: mara nyingi amepiga hesabu. Na hesabu haibadiliki kwa viboko wala kwa hotuba ya mgeni rasmi. Inabadilika pale namba zilizomo ndani yake zinapobadilika.

Hamasa ina maswali matatu

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Jacquelynne Eccles, na wenzake walikuwa wanatafuta jibu la swali moja: kwa nini wasichana wenye uwezo wa hisabati walikuwa wanaacha kuchagua somo hilo? Akili walikuwa nazo. Sasa shida ilikuwa nini?

Maelezo yaliyojengwa kuanzia hapo ni rahisi kuyashika. Mtu anapoamua kujituma katika jambo, anajiuliza maswali matatu, hata kama hayatamki. La kwanza: nikijaribu, nitaweza? La pili: nikiweza, litanifaa nini? La tatu: litanigharimu nini, yaani nitaacha kitu gani ili nilifanye hili?

Wataalamu waliotangulia, katika miaka ya 1950, walikuwa wameshasema jambo lingine la kukumbuka: majibu ya swali la kwanza na la pili hayajumlishwi, yanazidishwa. Na wewe unajua namba yoyote ukiizidisha kwa sifuri unapata nini. Mwanafunzi anaweza kuamini kabisa kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, lakini akiwa na uhakika kwamba yeye hawezi kufaulu, hamasa yake inabaki sifuri. Unaweza kumwimbia habari za ufunguo mpaka sauti ikauke. Yeye hapingani na wewe kuhusu ufunguo. Anachosema ni kwamba mlango wake haufunguki.

Haya, tuyapeleke maswali haya matatu Nyarugusu.

Nitaweza?

Mwanafunzi wa shule ya serikali anasoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Wengi katika ukanda huu nyumbani wanaongea Kisukuma au lugha nyingine ya kwao, kwa hiyo Kiswahili chenyewe tayari ni lugha ya pili. Anaingia kidato cha kwanza, na ghafla baiolojia, jiografia na hisabati vyote viko kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa anajibu maswali darasa la sita anageuka bubu. Si kwamba amesahau usanisinuru. Hajui tu kwamba kinachoongelewa pale mbele ndicho kile kile alichokijua.

Hapo bado hatujazungumzia uhaba. Shule nyingi za kata zilijengwa haraka baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, kuanza mwaka 2004. Lilikuwa jambo kubwa, maana kabla ya hapo mtoto wa kijijini alimaliza darasa la saba na safari ikaishia palepale. Lakini kuta zilipanda haraka kuliko walimu wa sayansi, maabara na vitabu. Mwaka 2013 taifa lilishtuka pale zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne wa mwaka 2012 walipopata daraja sifuri katika matokeo ya awali. Serikali iliunda tume, na matokeo yakapangwa upya mwaka huohuo.

Hali imebadilika tangu hapo, lakini jiulize kumbukumbu ile imekaa wapi. Imekaa mtaani. Mwanafunzi hasomi ripoti ya wizara ili ajue kama atafaulu. Anamwangalia kaka yake, dada yake na jirani. Kama watatu aliowaona wakimaliza kidato cha nne walirudi na sifuri, makadirio yake ya "nitaweza?" yameshaandikwa kabla hajafungua kitabu.

Itanifaa nini?

Swali la pili lina mtego wa aina yake kwenye mji wa dhahabu.

Mwaka 2001 mchumi Robert Jensen alianza utafiti katika Jamhuri ya Dominika. Aliwauliza wavulana wa darasa la nane: unadhani mtu aliyemaliza sekondari anapata kipato gani ukimlinganisha na aliyeishia msingi? Wavulana wakataja tofauti ndogo mno, wakati tofauti halisi ilikuwa kubwa zaidi. Kwa nini walikosea? Kwa sababu walikuwa wanakadiria kwa kuangalia watu wa mtaani kwao, na yule aliyesoma akafanikiwa alikuwa ameshahama.

Sasa ipeleke hoja hiyo Nyarugusu, na hapa hali ni ngumu zaidi. Msomi aliyefanikiwa yuko Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam, haonekani. Aliyemaliza kidato cha nne akakosa ajira yupo, anaendesha bodaboda, na kila mtu anamfahamu. Kwa upande wa pili, mchimbaji aliyetoboa anaonekana vizuri sana: nyumba ya bati la msauzi, gari, duka la vipuri. Mchimbaji ambaye hakutoboa haonekani. Yule aliyechimba duara miezi minane bila kukuta mkanda wa dhahabu, yule aliyerudi kwao kimyakimya na deni, yule aliyefukiwa na kifusi, hao hawana nyumba ya kuoneshwa kwa kidole.

Watu wa takwimu wanakuita kuchagua huku upendeleo wa walionusurika: unaangalia washindi waliobaki mbele ya macho yako, unadhani hao ndio picha kamili. Mtoto wa Nyarugusu anabebeshwa makosa mawili kwa mpigo. Upande wa shule anawaona zaidi walioshindwa, upande wa machimbo anawaona zaidi walioshinda. Hata angekuwa na akili ya mhasibu, ukimpa takwimu hizo atatoa jibu hilohilo.

Itanigharimu nini?

Hapa ndipo wengi tunakosea kabisa. Tukisikia gharama ya elimu, tunafikiria ada.

Ada ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na kuanzia Januari 2016 ilifutwa hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita pia. Ulikuwa uamuzi mzuri, tusiupuuze: familia isiyo na shilingi 20,000 mkononi mwezi Januari haina, hata ufanyeje. Zikabaki sare, madaftari na chakula cha mchana, ambacho mara nyingi kinategemea michango ya wazazi.

Lakini gharama kubwa kuliko zote haiandikwi kwenye fomu ya kujiunga na shule. Ni kile kipato ambacho mtoto hakipati kwa sababu yuko darasani. Hebu tupige hesabu ya mfano. Namba ni za kubuni, weka za kwako ukitaka. Tuseme kijana anaweza kupata shilingi 3,000 kwa siku akibeba viroba vya mawe, na akienda shule anaacha siku mbili tu za kazi kwa wiki. Mwaka wa masomo una wiki 40 hivi. Mara mbili, mara 40, mara 3,000: shilingi 240,000. Hiyo ni mara 12 ya ada iliyofutwa. Akiwa na uwezo wa kupata 10,000 kwa siku inakuwa 800,000, mara 40 ya ada. Kwa hiyo tulifuta namba ndogo, na ile kubwa ikabaki palepale.

Na namba hiyo kubwa inapanda na bei ya dunia. Mwaka 2001 wakia moja ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 300 za Marekani. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Kila bei inapopanda, marudio ambayo jana hayakuwa na maana leo yana maana, rashi mpya inatokea porini, na mikono inahitajika. Shule haijabadilika hata kidogo, lakini kubaki shuleni kumekuwa ghali zaidi.

Usidhani hili ni tatizo la watoto wa Kiafrika wasiopenda shule. Miaka ya 1970 bei ya makaa ya mawe ilipanda sana Marekani. Wachumi Dan Black, Terra McKinnish na Seth Sanders walifuatilia majimbo ya Kentucky na Pennsylvania, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Kwenye wilaya zenye makaa ya mawe, vijana waliobaki sekondari walipungua wakati wa neema ya makaa. Miaka ya 1980 bei iliposhuka, wakarudi shuleni. Makadirio yao ni kwamba mshahara wa wasio na ujuzi ukipanda kwa asilimia 10 na kubaki hapo, uandikishaji wa sekondari unaweza kushuka kwa asilimia 5 hadi 7. Watoto ni walewale, wazazi ni walewale, na mapenzi ya shule ni yaleyale. Kilichobadilika ni bei ya jiwe.

Gharama isiyoonekana kwenye hesabu ya kijana

Ngoja kwanza, tusimalize kana kwamba kijana yuko sahihi kwa kila kitu. Hesabu yake ina tundu, na tundu lenyewe ni mwili wake.

Mchimbaji mdogo anakamata dhahabu kwa zebaki, kisha anaichoma zebaki ili ipae na dhahabu ibaki. Mvuke ule unaingia kwenye mapafu, unakwenda kwenye damu, halafu kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Mtoto anadhurika zaidi kuliko mtu mzima kwa sababu ubongo wake bado unajengwa. Kutetemeka, kusahau, kushindwa kutulia na kufuatilia jambo: hayo ni madhara yanayofahamika. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto machimboni katika wilaya za Geita, Kahama na Chunya, ikieleza zebaki, vumbi, mashimo marefu, na jinsi kazi hizi zinavyokula masomo.

Maana yake ni hii: anayefanya kazi machimboni Jumamosi "ili apate hela ya daftari" anaweza kuwa anapunguza uwezo wa kichwa kitakachosoma daftari hilo Jumatatu. Swali la tatu linarudi nyuma na kuharibu jibu la swali la kwanza. Ndiyo sababu sheria haina utani hapa: Tanzania hairuhusu mtu chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini.

Kwa msichana hesabu ina safu nyingine. Si lazima awe kwenye duara. Yuko kwa mama lishe anaosha vyombo, anateka maji, analea mdogo wake wakati mama yuko mwaloni. Njia ya kwenda shule ni ndefu, na njiani kuna wanaume wenye pesa ya leo. Akipata mimba, hadi mwaka 2021 shule ya serikali ilikuwa imemfungia mlango. Novemba mwaka huo serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi baada ya kujifungua. Mlango umefunguliwa, lakini swali la gharama liko palepale: mtoto atabaki na nani?

Basi hotuba za hamasa zinasaidia au hazisaidii?

Turudi kwa Jensen, maana utafiti wake una nusu ya pili ambayo watu huisahau. Baada ya kuwauliza wavulana makadirio yao, aliwaambia baadhi yao kipato halisi cha waliomaliza sekondari. Maneno tu, dakika chache. Katika miaka minne iliyofuata, walioambiwa walisoma kwa wastani miaka 0.20 hadi 0.35 zaidi ya wenzao. Kwa kitu kisicho na gharama, hayo ni matokeo makubwa.

Lakini kwa watoto wa kaya maskini zaidi, maneno hayakubadilisha kitu. Waliamini, makadirio yao yakapanda, na bado wakaacha shule. Walishajua kwamba shule inalipa. Hawakuwa na namna ya kuifikia siku ya malipo. Hapa ndipo hotuba inapogonga mwamba.

Sasa linganisha na Ghana. Mwaka 2008 Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waliwafuatilia vijana 2,064 waliofaulu kwenda sekondari lakini hawakuwa na uwezo wa kulipia. Kwa bahati nasibu, 682 walipewa ufadhili. Uwezekano wao wa kumaliza sekondari ulipanda kwa nusu hivi ukilinganisha na wasiopata. Hakuna aliyewafundisha kupenda shule. Hamasa walikuwa nayo siku zote, ilikuwa imekaliwa na ada.

Na pesa ikipelekwa shuleni peke yake? Hapa tuna ushahidi wa nyumbani, ingawa ni wa madarasa matatu ya kwanza ya msingi. Mpango wa KiuFunza, ulioendeshwa na Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za Tanzania Bara, ulijaribu njia tatu. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili, walimu waliahidiwa malipo ya ziada kwa kila mtoto atakayefaulu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha matokeo ya watoto. Vyote viwili pamoja vilipandisha, tena zaidi ya kujumlisha kimoja kimoja. Kama ulivyoona mwanzoni: kuna vitu vinazidishana.

Namba zipi zibadilishwe Nyarugusu?

Kwenye "nitaweza?", mkazo uwe kidato cha kwanza. Wiki za mwanzo zitumike kujenga daraja la lugha: istilahi ya Kiingereza ikae kando ya ile ya Kiswahili ambayo mtoto tayari anaijua. Mwalimu anayeeleza dhana kwa Kiswahili kisha akaivusha kwenda Kiingereza hapotezi muda. Anaondoa sifuri kwenye kuzidisha.

Kwenye "itanigharimu nini?", anza na chakula cha mchana. Sufuria ya makande shuleni ni sawa na kumpunguzia mtoto sababu ya kwenda kutafuta mia tano ya mihogo. Kisha mabweni au hosteli, hasa kwa wasichana. Halmashauri zenye migodi mikubwa zinapata fedha za wajibu wa kampuni kwa jamii. Mzazi na diwani wana haki ya kuuliza ngapi zimekwenda kwenye sahani na kitanda, si kwenye kuta tu.

Kwenye "itanifaa nini?", tuache kushindana na dhahabu, tuitumie. Mtoto wa Nyarugusu anajua kwamba mwenye karasha mara nyingi hubaki na marudio baada ya mchimbaji kuchukua chake. Muulize kwa nini. Jibu ni la kemia: njia ya zebaki mara nyingi huacha zaidi ya nusu ya dhahabu ndani ya mchanga ule, na anayejua kuuchenjua kwa sainaidi anaivuna. Yaani mchimbaji anashuka kwenye shimo, anahatarisha uhai, halafu sehemu kubwa ya dhahabu yake inakwenda kwa yule anayejua kilichobaki. Hiyo ndiyo thamani ya elimu, tena imelundikwa nje kama kichuguu, na mwanafunzi anaipita kila asubuhi akienda shule. Kutoka hapo unaweza kumwonesha njia ya Chuo cha Madini Dodoma, au mkondo wa amali ulio kwenye mtaala mpya uliowadia mwaka 2024.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, iwe wewe ni mwalimu, mzazi au mjomba unayelipia sare, siku utakapotaka kusema "huyu hana hamasa", kaa naye kwanza umuulize mambo matatu. Unadhani ukisoma utafaulu? Unadhani ukifaulu utapata nini? Na ukija shule kesho, nyumbani kitapungua nini? Majibu yake yatakuambia pa kuanzia. Na kama jibu la swali la tatu ni "chakula", basi hotuba iweke mfukoni, nenda katafute mahindi na maharage.